Mfanyakazi Mgonjwa na Haki ya Fao katika Hanang na Mbulu: Kutoka Fidia ya Kikoloni hadi Sheria ya 2018

Mtu anayesafiri kutoka Katesh kwenda Basotu, au anayepita vijiji vya Jorodom, huona kwanza mifugo na mashamba ya familia. Ajira ya mshahara katika nchi hii ya Wadatoga na Wairaqw haikuwahi kuwa njia kuu ya maisha. Hata hivyo, tangu Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) lilipofungua mashamba ya ngano ya Hanang kwa msaada wa Kanada, kuanzia mwaka 1970 hivi, palikuwa na madereva wa matrekta, mafundi, walinzi na vibarua wa msimu. Maandishi mengi kuhusu mashamba hayo yamejikita katika ardhi, na kwa haki kabisa: kesi ya Kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, iliyofika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, ilihusu ardhi. Mkono uliokatwa na mashine haukupata mwanahistoria wake.

Sheria iliyomhusu mfanyakazi huyo ilikuwa ya kikoloni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyotungwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1940 na kujulikana baadaye kama Sura ya 263, iliupa kila ulemavu asilimia yake. Fidia ililipwa na mwajiri, kwa mkupuo, kisha shauri likafungwa. Uhuru haukuiondoa. Viwango vyake viliachwa nyuma na thamani ya fedha, hata kima cha juu cha ulemavu wa kudumu kikabaki Sh. 108,000, kiasi ambacho katika miaka ya 2000 kilikuwa karibu na dhihaka.

Sambamba nayo, Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi wa mwaka 1964 uliweka akiba ya mwanachama na kumrudishia. Ulikuwa kibubu, si bima: aliyefanya kazi muda mfupi kabla ya kuugua alirudishiwa kidogo. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ndiyo iliyoleta pensheni ya ulemavu, lakini kwa sharti la michango ya miezi 180, au angalau miezi 36 ambamo miezi 12 itangulie ulemavu moja kwa moja. Kibarua wa msimu wa mavuno angeyafikishaje masharti hayo?

Mageuzi makubwa zaidi yalitokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, ingawa Mfuko wake (WCF) ulianza kazi Julai 2015 tu. Hapa mwajiri peke yake ndiye anayechangia, na aliyepata ulemavu kamili wa kudumu kazini hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kila mwezi. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sehemu ya sheria inayomfaa zaidi mtu wa shambani, kwani haimdai miaka ya michango. Inamdai ushahidi kwamba madhara yalitokana na kazi. Kwa mvunjiko wa mguu jambo hilo ni jepesi. Kwa kifua kilichoharibiwa na vumbi la nafaka au dawa ya kunyunyizia, ni gumu mno.

Vipi basi anayeugua ugonjwa usiotokana na kazi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Aliyetumikia chini ya miezi sita kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, ila sheria imewaangalia kwa namna ya pekee wafanyakazi wa msimu. Siku zikiisha, mwajiri anaweza kumwachisha kwa kukosa uwezo, lakini Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka kwanza atafute kama ipo kazi nyingine inayomfaa mgonjwa.

Hapo ndipo fao la kukosa ajira, lililoingizwa katika sheria za hifadhi ya jamii mwaka 2018, linapogusana na ugonjwa. Fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, aliye chini ya umri wa miaka 55, na ambaye kazi yake haikukoma kwa kujiuzulu. Sharti hili la mwisho ndilo lenye hatari. Mgonjwa akishawishiwa aandike barua ya kuacha kazi ili “apumzike nyumbani”, anajifungia mlango mwenyewe. Akiachishwa kwa barua ya mwajiri inayotaja kukosa uwezo kwa sababu ya afya, mlango unabaki wazi. Akiona kuwa ameachishwa isivyo halali, ana siku 30 za kupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Siku 30 ni chache kwa aliyelazwa. Hospitali ya Haydom wilayani Mbulu, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, imewatibu wagonjwa wa wilaya hizi kwa vizazi, na cheti cha daktari ndicho karatasi ya kwanza katika kila dai. Karatasi ya pili, barua ya mwajiri, mgonjwa huisaini akiwa bado na bandeji, mara nyingi bila kusomewa.