Wapiga Gita wa Morogoro na Nyimbo za Kuazima

Kuiga ni neno lenye bahati mbaya katika lugha yetu. Mwigaji hudhaniwa kuwa hana chake, na methali ya yule aliyemwiga tembo inajulikana na kila mtu, hata haina haja ya kutajwa yote mbele ya wasomaji wa heshima. Katika mijadala juu ya muziki wa dansi wa Tanzania lawama hii imerudiwa tangu zama za mkoloni: kwamba vijana wa mijini walikuwa wakipiga nyimbo za watu, kwa lugha za watu, na kwa vyombo vya watu. Mimi sikanushi kwamba walifanya hivyo. Nataka kuonyesha, kwa mfano wa mji mmoja, kwamba kuiga huko ndiko kulikokuwa shule yao, na kwamba shule hiyo imehukumiwa bila ya daftari lake kusomwa, kwa sababu daftari lenyewe halikuandikwa.

Mji huo ni Morogoro. Uko chini ya milima ya Uluguru, kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, na reli ya kati iliufikia mwaka 1907. Juu mlimani Waluguru walikuwa na ngoma zao, zilizofungamana na unyago, mavuno na matambiko. Chini, katika tambarare, yalikuwako mashamba ya mkonge yaliyoleta vibarua kutoka pembe nyingi za nchi. Watu waliochanganyika namna hiyo hawawezi kucheza ngoma ya kabila moja kila Jumamosi bila ya wengine kubaki watazamaji. Dansi lilikuwa uwanja usiokuwa wa kabila lolote. Jambo hili nalitaja kwa haraka, maana limekwisha elezwa na wengi. Lakini asiyelikumbuka hawezi kufahamu kwa nini santuri kutoka ng'ambo ilikaribishwa kama mgeni aliyekuwa akingojewa.

Santuri zenyewe zilijulikana kwa herufi mbili tu, GV. Kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza ilianza kuzitoa mwaka 1933 kwa ajili ya soko la Afrika, na nyingi miongoni mwake zilikuwa nyimbo za Cuba zilizokwisha rekodiwa zamani kwa wanunuzi wengine. Wimbo wa El Manisero, uliotungwa na Moisés Simons na kurekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu, ulikuwa mmoja wao. Wenye kampuni walikuwa wafanya biashara; walitafuta faida ya pili katika mali iliyokwisha wapa faida ya kwanza, wala hawakutazamia kufungua chuo cha muziki katika Afrika. Walakini ndivyo ilivyokuwa, kutoka Léopoldville mpaka pwani ya Bahari ya Hindi.

Yapo mambo mawili yaliyoufanya muziki wa Cuba uingie katika sikio la Morogoro kwa wepesi kuliko ule wa Ulaya. La kwanza ni mapigo. Vijiti viwili vya Wacuba, vinavyogongwa mara tano kisha vikarudia tena, hugonga kwa namna iliyovuka bahari ya Atlantiki pamoja na watumwa waliotoka Kongo na Afrika ya Magharibi. Msikilizaji wa Morogoro hakuhitaji kusoma habari za biashara ya utumwa ili ayatambue. Mguu wake uliyatambua kabla yake. La pili ni matamshi. Maneno mengi ya Kihispania hukomea katika irabu kama yetu, na silabi zake huenda moja moja. Wimbo wa namna hiyo ukiondolewa maneno yake na kutiwa ya Kiswahili haulalamiki. Mtu na ajaribu kufanya hivyo kwa wimbo wa Kiingereza, ataona jinsi konsonanti za mwisho zinavyomkwama kooni.

Tufikiri sasa kazi yenyewe ilivyokuwa. Gramafoni ya siku zile ilitiwa ufunguo kwa mkono, na upande mmoja wa santuri ulidumu kwa dakika tatu hivi. Aliyetaka kujifunza sehemu ya gita alirudisha sindano ya chuma mahali pale pale mara kumi, mara ishirini, na kila mara sindano iliuchimba mfereji wa santuri. Hata wimbo uliopendwa kuliko zote ukawa ndio unaokwaruza kuliko zote. Spiringi ikilegea, mwendo hupungua na sauti hushuka, na gita lililopatana na santuri mwanzoni mwa wimbo huweza kugombana nayo mwishoni. Hapakuwa na karatasi yenye noti, wala mwalimu wa kusema hapa umekosea. Mwimbaji naye alikuwa na taabu yake. Kihispania hakukijua, alishika mlio wa maneno akauacha mbali uzito wake, kama mtoto wa chuo anayehifadhi aya kabla ya kufundishwa tafsiri. Wengine wamecheka maneno hayo yasiyo na maana. Mimi nayaona kuwa ushahidi wa sikio kali, maana kukumbuka sauti zisizo na maana ni kazi ngumu kuliko kukumbuka sentensi.

Katika mji huu alizaliwa mwaka 1928 Salum Abdallah Yazidu, ambaye baba yake alikuwa wa ukoo wa Kiarabu na mama yake Mluguru. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba, akafika Mombasa na safari ikaishia hapo. Mwaka 1948 alianzisha kikundi na kukiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania uliojulikana dunia nzima. Baadaye kikundi hicho kikawa Cuban Marimba. Msomaji na ayatazame majina hayo mawili. Hakuna hata moja linaloitaja Uluguru, wala Tanganyika. Mtu angesoma majina tu angesema: hawa ni waigaji, basi. Lakini aliyesikiliza nyimbo za Cuban Marimba za miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960 hupata habari nyingine. Vijiti vya Cuba vimo, na mwendo wa gita umo. Lakini maneno ni Kiswahili cha watu wanaofahamiana, chenye mapenzi, mafumbo, ugomvi wa mjini, na baadaye siasa ya uhuru. Cuba ilikuwa imekwisha geuka kuwa chungu. Kilichopikwa ndani yake kilitoka sokoni Morogoro.

Upande wa pili wa mji ilikuwako Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na mashindano ya bendi hizi mbili yaliugawa mji kama mashindano ya mpira yagawavyo miji mingine. Mashindano hayo yalikuwa na manufaa ambayo mara nyingi husahauliwa: pande zote mbili zikiwa na santuri zile zile za kuiga, ushindi hauwezi kupatikana kwa kuiga. Ni lazima mmoja alete jambo ambalo santuri haina. Nionavyo mimi, ushindani huu uliwatoa vijana wa Morogoro katika nyimbo za kuazima upesi zaidi kuliko hotuba yoyote iliyowakataza.

Ili tuwapime kwa haki, na tuwatazame vijana wa mji wa mbali waliofanya kazi ile ile. Mwezi Julai 1958 vijana watano wa Liverpool, waliojiita The Quarrymen, waliingia katika nyumba ya mtu mmoja aitwaye Percy Phillips, ambaye alikuwa na chumba cha kurekodia, wakatoa santuri moja tu. Upande mmoja waliimba wimbo wa Buddy Holly wa Marekani, walioujua kwa kuusikiliza. Upande wa pili waliimba wimbo wao wenyewe. Watatu kati yao walikuwa John Lennon, Paul McCartney na George Harrison. Santuri ile ilihifadhiwa, na mwaka 1995 nyimbo zake zilitolewa kwa dunia nzima, na wataalamu wakaisikiliza kama watu wanaosoma barua ya babu. Hakuna aliyesema kwamba upande wa kwanza ni aibu. Walisema: hapa ndipo walipojifunza.

Tofauti ya Liverpool na Morogoro haikuwa katika kuiga, basi, bali katika Percy Phillips. Vijana wa Morogoro hawakuwa na nyumba ya jirani ya kwenda kurekodia majaribio yao. Aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alikuwa na njia mbili. Ama achukuliwe na wafanya biashara wa santuri wa Mombasa au Nairobi, kama Cuban Marimba walivyofanya kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa. Ama aende Dar es Salaam kwenye redio, ambayo ilianza kutangaza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1965 ikaitwa Redio Tanzania. Katika milango yote miwili hakuingia mtu na wimbo wa kuazima ambao bado anahangaika nao. Aliingia na wimbo uliokamilika, bendi nzima ikapiga kwa pamoja, na mkanda ukachukua kilichopigwa. Kwa hiyo kumbukumbu yetu ina upande wa pili wa santuri ya Liverpool bila ya upande wa kwanza.

Wakati huo huo shutuma ilikuwa ikipata nguvu. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya siku ya Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi walifundishwa kucheza rumba, cha-cha-cha na twist, hali hawajapata hata kusikia habari za gombe sugu, mangala au kiduo. Na siku ile alitangaza wizara ya utamaduni. Haki imtendee msemaji: katika hotuba iyo hiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Waliomfuata walishika sehemu ya kwanza wakaiacha ya pili. Mwezi Novemba 1969 muziki wa Wamarekani weusi uitwao soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam. Mimi nakubali kwamba aibu ya mkoloni ilikuwa ya kweli na ilihitaji dawa. Ninachotilia shaka ni kuweka rumba katika kapu moja na ngoma za kumbi za Wazungu. Rumba alikuwa mtoto aliyepotea, akarudi nyumbani akisema lugha ya waliomlea.

Mwaka uliofuata marufuku hiyo Tanzania ilitakiwa kujionyesha katika maonyesho makubwa ya dunia, Expo '70, mjini Osaka, Japani. Bendi iliyopelekwa ni Morogoro Jazz, pamoja na mpiga gita wake Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1944 bendi ilipoanzishwa. Taifa lililokuwa likiwaonya vijana wake juu ya magita lilijitambulisha mbele ya dunia kwa gita. Sioni unafiki katika jambo hilo. Naona kwamba kufikia mwaka 1970 hakuna aliyeweza tena kusikia, katika vidole vya Mbaraka, ni wapi kilipoishia cha kuazima.

Wala mkopo haukuwa wa upande mmoja. Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliimba na kurekodi Helule Helule, wimbo wa Daudi Kabaka wa Kenya, nao ukaingia katika nyimbo ishirini zilizopendwa zaidi Uingereza. Hao nao hawakujua Kiswahili, walishika mlio. Sijasikia mtu aliyewaita Waingereza hao watu wasio na utamaduni.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwezi Novemba 1965, na Juma Kilaza akaishika bendi. Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, naye pia aliuawa na ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Wote wawili waliondoka kabla chombo ambacho kingeweza kuhifadhi majaribio ya nyumbani hakijaenea. Kaseti ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, lakini redio kaseti ilikuja kuwa kitu cha kawaida katika nyumba za Tanzania baadaye sana. Leo kijana wa Kihonda au Bigwa huimba wimbo wa zamani mbele ya simu yake, akaurekodi mara ishirini na kufuta mara kumi na tisa, na ile ya ishirini ikasikilizwa na watu asiowajua. Huyu amepata Percy Phillips wake mfukoni. Wengine katika vijana hao huchagua nyimbo za Mbaraka, wakahangaika na vidole vyake kama wazee walivyohangaika na santuri za GV.

Mikanda ya Redio Tanzania imo katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji, na imewafaa watafiti wengi. Lakini mwanafunzi atakayeandika historia ya shule ile hataipata katika mikanda. Vijana wa La Paloma wa mwaka 1948 wamekwisha kutuacha karibu wote. Waliokuwa watoto wa miaka kumi mwaka 1962, wakichungulia madirishani kutazama mazoezi ya bendi, sasa wamepita sabini, na pengine yuko miongoni mwao awezaye kuimba ubeti mzima wa Kihispania ambao hajapata kujua maana yake. Kumrekodi mzee huyo hakuhitaji studio, wala safari ya Dar es Salaam. Yatosha kumwamkia shikamoo, kukaa naye barazani, na kumwomba aimbe.