MWANZO WA ULIMWENGU NA MWANZO WA UNYONGE

Kila mkufunzi wa siasa anajua kwamba somo la historia ya maendeleo ya jamii haliendi mbali kabla ya swali moja kuulizwa. Tunaanza na ujima, tunafika kwenye utumwa na ukabaila, na mara mkulima ananyoosha mkono: kabla ya ujima kulikuwa na nini? Na kabla ya hicho? Nani aliyeanzisha yote haya? Katika kata kama Chanzuru, wilayani Kilosa, ambako wako Waislamu, wako Wakristo, na tambiko la ukoo nalo halijasahauliwa, swali hili si mchezo. Anayeuliza anataka kujua kama siasa anayofundishwa inamtaka aache imani yake mlangoni.

Wapo makada wanaojibu kwamba mjamaa wa kweli hana budi kusema ulimwengu ni wa milele na hauna muumba. Wapo wengine wanaofunga daftari na kusema mambo hayo waachiwe mashehe na mapadri. Majibu yote mawili ni mabaya. La kwanza linakigeuza Chama kuwa madhehebu. La pili linawafundisha wananchi kwamba kuna mambo ambayo akili ya mkulima haiyawezi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, njia iliyo sahihi zaidi.

MASWALI MAWILI, SI MOJA

Kwanza tutenganishe maswali. Kuuliza kama ulimwengu ulikuwa na mwanzo ni jambo moja. Kuuliza kama ulimwengu unahitaji muumba ni jambo jingine. Watu wengi huyachanganya, wakidhani kwamba penye mwanzo lazima pawe na muumba, na pasipo na mwanzo hapana muumba. Wanafikra wakubwa wa zamani hawakuyachanganya hivyo.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, na hata hivyo akasema upo Msukumaji wa kwanza asiyesukumwa. Ibn Sina, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, alikubali kwamba ulimwengu ni wa tangu na tangu, lakini akashikilia kwamba kuwapo kwake kunamtegemea Mungu kila wakati, kama mwanga unavyoitegemea taa. Al-Ghazali alimpinga vikali mwaka 1095, akisema kuwa ulimwengu uliumbwa na ulikuwa na mwanzo. Karibu miaka 85 baadaye Ibn Rushd wa Hispania akamjibu al-Ghazali kwa kitabu kizima. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas, mwalimu mkubwa wa Kanisa Katoliki, aliandika kwamba yeye anaamini ulimwengu ulikuwa na mwanzo, lakini akakiri kwamba jambo hilo hushikwa kwa imani, wala haliwezi kuthibitishwa kwa hoja za akili peke yake.

Hao wote walikuwa watu wa dini au waliomkubali Mungu kwa namna fulani, na bado walibishana kuhusu mwanzo. Kwa hiyo kada anayedhani kwamba atamaliza suala la Mungu kwa kuthibitisha kwamba maada ni ya milele hajaanza hata kulielewa suala lenyewe. Vivyo hivyo mhubiri anayedhani kwamba atalimaliza kwa kuthibitisha kwamba ulimwengu una umri.

SAYANSI NA WENYE HARAKA

Karne ya 20 ililiondoa swali la mwanzo kwenye vitabu vya falsafa na kulipeleka kwenye darubini na hesabu. Mwaka 1922 Alexander Friedmann, mwanahesabu wa Petrograd katika Urusi ya Wasovieti, alionyesha kwamba kanuni za Albert Einstein zinaruhusu ulimwengu unaotanuka. Mwaka 1927 Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye alikuwa mwanasayansi na pia padri, alifikia jambo hilohilo kwa njia yake. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba makundi makubwa ya nyota yanatuacha, na kwamba yaliyo mbali zaidi yanakwenda kasi zaidi. Kama vitu vinaachana leo, basi zamani vilikuwa karibu. Mwaka 1931 Lemaître akasema kwamba yote yalianzia katika hali moja iliyosongamana mno.

Hapo ndipo wenye haraka walipoingia, na waliingia kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza ulikuwa Moscow. Mwaka 1947 Andrei Zhdanov, aliyesimamia itikadi katika Chama cha Kikomunisti cha Urusi, aliwashambulia hadharani wanasayansi waliozungumzia ulimwengu wenye kikomo na wenye umri. Aliona kuwa hayo ni mafundisho ya dini yaliyovikwa vazi la hesabu. Kwa miaka kadhaa ikawa ni hatari kwa mwanasayansi wa Kisovieti kuifuata njia ambayo Msovieti mwenzake Friedmann ndiye aliyeifungua.

Upande wa pili ulikuwa Roma. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alihutubia akademia yake ya sayansi, akaipokea nadharia hiyo kama ushahidi wa uumbaji. Lemaître, ambaye mwenyewe alikuwa padri, hakuridhika. Kwake yeye nadharia ya sayansi husimama au huanguka kwa vipimo, na si haki kuibebesha mzigo wa imani. Papa alipozungumza na wataalamu wa elimu ya nyota mwezi Septemba 1952, hakulirudia dai hilo.

Wakati huo suala lenyewe lilikuwa halijaamuliwa. Tangu 1948 Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold huko Uingereza walikuwa wakitetea nadharia nyingine, kwamba ulimwengu hutanuka lakini haukuwa na mwanzo, kwa sababu maada mpya huzaliwa polepole kujaza nafasi. Hoyle ndiye aliyeibandika nadharia ya wapinzani wake jina la Mlipuko Mkuu, redioni mwaka 1949. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson wa Marekani walitangaza kwamba wamepata mvumo hafifu wa mawimbi ya redio unaotoka kila upande wa anga. Huo ni masalio ya joto la zamani, na nadharia ya Hoyle haikuweza kuueleza vizuri. Vipimo vya baadaye vimeuweka umri wa ulimwengu kwenye miaka bilioni 13.8 hivi.

Je, hapo sayansi imethibitisha mwanzo wa vitu vyote? Hapana. Imethibitisha kwamba ulimwengu tunaouona ulikuwa na hali ya joto kali na msongamano mkubwa, na kwamba umekuwa ukitanuka na kupoa tangu wakati huo. Tukirudi nyuma zaidi, kanuni tulizo nazo hufika mahali zikagoma kufanya kazi. Huko wanasayansi wangali wanatafuta. Zhdanov alitaka jibu lisiwepo. Pius alitaka jibu liwe lake. Vipimo havikumngoja yeyote kati yao.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba chama, hata kiwe cha kimapinduzi namna gani, hakina mamlaka ya kupiga kura juu ya umri wa nyota. Itikadi ikijifunga kwenye jibu la sayansi ambalo halijakomaa, sayansi ikisogea itikadi huaibika. Imani nayo ni hivyohivyo.

AFRIKA ILICHAGUA NINI

Suala hili halikuwa geni kwa wanamapinduzi wa Afrika. Kwame Nkrumah alilishughulikia mwaka 1964 katika kitabu chake cha falsafa, Consciencism. Alichambua kwa makini swali la asili ya vitu vyote, akashika upande wa maada, na hata hivyo akasema kwamba falsafa yake hailazimishi mtu kumkana Mungu. Alijua kwamba anaandika kwa ajili ya bara lenye mila zake za asili, lenye Uislamu na Ukristo, na kwamba mapinduzi hayawezi kujengwa kwa kuwatukana wanaoyajenga.

Mwalimu Nyerere alikwenda moja kwa moja zaidi. Katika utangulizi wa Uhuru na Ujamaa, uliotoka mwaka 1968, alieleza kwamba ujamaa unahusu maisha ya binadamu katika jamii. Hauna la kusema juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu. Msingi wake ni usawa wa binadamu, na watu wanaweza kuufikia msingi huo kwa njia mbalimbali: mmoja kwa sababu anaamini wote ni viumbe wa Mungu mmoja, mwingine kwa hoja za utu peke yake. Alikataa kwamba pawepo na kitabu kitakatifu cha ujamaa ambacho kila jambo litapimwa kwacho. Mwalimu alikuwa Mkatoliki mcha Mungu, na hakumtaka mwanachama yeyote awe kama yeye katika hilo.

Msimamo huu haukuwa woga. TANU tangu 1954 iliwaunganisha watu wa dini zote na wasio na dini dhidi ya mkoloni mmoja. Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana kwa TANU na Afro-Shirazi, kiliurithi msimamo huo. Katiba ya nchi yetu nayo inaitambua Jamhuri kuwa haina dini, na inaiacha ibada iwe jambo la hiari la mtu binafsi. Nchi haina dini, wananchi wanazo. Kada aelewe maneno hayo vizuri.

MIANZO TUNAYOIJUA

Basi, je, tunyamaze? La. Kama mwanzo wa ulimwengu ungali unatafutwa, iko mianzo mingi ambayo haina siri yoyote, na hiyo ndiyo kazi yetu.

Kilosa yenyewe ni darasa zuri. Nchi hii ni sehemu ya Usagara ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watawala wa kienyeji kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha ambayo wenye nchi hawakuijua. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alizitia karatasi hizo chini ya ulinzi wake. Hivyo ndivyo ukoloni wa Kijerumani ulivyoanza katika nchi yetu. Una tarehe, na waanzilishi wake wana majina. Kodi ya nyumba ilifuata, ikafuata reli ya kati iliyopita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914, yakafuata mashamba ya mkonge ambamo mtu alikata majani kwa ujira mdogo katika nchi aliyozaliwa. Aliyeambiwa kwamba huo ulikuwa mpango wa Mungu alidanganywa. Ulikuwa mpango wa watu, na kwa kuwa uliwekwa na watu, watu waliweza kuuondoa.

Wazee wa Kikaguru na Kisagara walielewa jambo hili kwa namna yao. Walimjua Mulungu, muumba aliye mbali. Lakini mvua ilipokosekana hawakuishia kulitaja jina lake. Waliulizwa wakubwa wa ukoo wenye dhamana ya ardhi ile: wajibu wenu mmeutimiza? Hatudai kwamba tambiko huleta mvua. Tunachosema ni kwamba kumjua muumba hakukuwafanya wasahau kumtafuta mwenye dhamana.

Tuje karibu zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta, maji yakaingia Kilosa. Maelfu ya watu waliachwa bila nyumba, na reli ya kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Ilikuwa rahisi kusema kwamba ni kazi ya Mungu, kisha kila mtu akaenda zake. Mvua ilitoka mbinguni, hilo ni kweli. Lakini udongo ulioujaza mto uliteremka kutoka miteremko iliyofyekwa. Tuta lilijengwa na watu, likachakaa mbele ya macho ya watu. Mungu hakupewa zabuni ya kulitengeneza. Methali husema jitihada haiondoi kudura, na mzembe huipenda sana methali hiyo kwa sababu humpa mahali pa kujificha. Iko nyingine: ajizi nyumba ya njaa.

Kumbe basi hatari kubwa kwa mkulima wa Chanzuru si kuamini kwamba ulimwengu una muumba. Hatari ni pale ambapo jina la muumba hutumiwa kumfichia mtu hesabu yake: mwenye shamba anapokataa kulipa haki, kiongozi anapolala tuta likibomoka, kijana anapokosa shule. Hapo wa kwanza kukasirika anapaswa kuwa muumini mwenyewe.

WAJIBU WA KADA

Kwa hiyo tukiulizwa darasani, tujibu hivi. Kwanza, tueleze sayansi kwa ukweli wake: miaka bilioni 13.8, ulimwengu unaotanuka, na mpaka ambapo vipimo vyetu vimekoma. Tusiongeze wala tusipunguze. Pili, tueleze kwamba suala la muumba Chama hakiliamui, na tusimcheke anayeamini wala asiyeamini. Tatu, tusiondoke darasani kabla ya kuligeuza swali lenyewe kuelekea mambo yaliyo mikononi mwetu: umaskini huu ulianza lini, ulianzishwa na nani, unamfaidia nani, na utaondolewa vipi?

Mkulima aliyenyoosha mkono kuuliza asili ya nyota tayari ana akili ya kuuliza asili ya kodi, ya bei ya pamba na ya mipaka ya shamba. Tukimnyamazisha katika swali la kwanza, tumemnyamazisha katika yote. Tumjibu, kisha tumpe nafasi aulize la pili.