Injini Inapoishiwa na Pumzi

Ukiona picha ya F-104 Starfighter kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani mchoraji alisahau mabawa. Kutoka ncha moja hadi nyingine hayafiki hata mita 7, na makali yake ya mbele yalikuwa membamba hivi kwamba mafundi waliyafunika ndege ikiwa chini yasije yakawakata. Wengi waliiita kombora lenye mtu ndani. Mimi inanivutia kwa sababu nyingine. Naisoma kama historia ya watu waliotaka kupanda hadi pale injini haiwezi tena kufika, na ya nani aliruhusiwa kujaribu.

Mwishoni mwa 1951, Kelly Johnson wa Lockheed aliwahoji marubani wa Marekani waliokuwa vitani Korea. Walitaka kasi na kimo kuishinda MiG-15, basi. Ndege ya majaribio iliyoruka 1954 ilitumia injini ya J65, na nguvu haikutosha. Mwaka 1956 ikapewa J79 ya General Electric, mambo yakabadilika. Vibao vya mbele kwenye kompresa ya J79, vile visivyozunguka, viliweza kugeuzwa pembe ili hewa iingie vizuri ndege ikienda polepole na ikienda mbio. Mei 1958, F-104 ilifika mita 27,811, na siku chache baadaye ikakimbia kilomita 2,259 kwa saa. Haikuwa imewahi kutokea ndege moja kushika rekodi zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa hebu tuongee kuhusu hewa. Mtu wa Mombasa akienda kukimbia Iten, siku ya kwanza tu mapafu yanamwambia ukweli, na Iten ni kama mita 2,400 pekee. Jeti nayo inapumua. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua na nguvu inapungua nayo. Kwa hivyo marubani walitumia ujanja: kwenye kimo cha kilomita 11 hivi unaongeza mwendo kupita mara mbili ya kasi ya sauti, kisha unainua pua, ndege inapaa kama jiwe lililotoka kwenye manati. Huko juu ule moto wa ziada wa nyuma ya injini unazimika wenyewe. Halafu unaizima injini yote kabla haijaungua kwa joto. Unabaki na suti ya kukulinda na kimya. Ukirudi kwenye hewa nzito, upepo unaizungusha injini, unaiwasha tena. Ama ikatae, na kwa mabawa yale huna muda mrefu wa kujadiliana nayo. Hivyo ndivyo Joe Jordan alivyofika mita 31,513 Desemba 1959.

Injini iliendelea kuboreshwa. J79-19 ilitoa msukumo wa karibu kilonyutoni 80, wakati ile ya mwanzo ilitoa kama 66. Italia ilijenga F-104S juu ya injini hiyo na kuirusha hadi 2004. Lakini nguvu zaidi haileti hewa zaidi. Ukitaka kwenda juu kabisa, lazima ubebe pumzi yako mwenyewe.

Ndiyo maana ndege tatu zilibadilishwa kuwa NF-104A kwa ajili ya shule ya marubani wa anga za juu pale Edwards, California. Ziliwekewa roketi chini ya mkia, mabawa marefu kidogo, na vijipuo vya kuielekeza ndege mahali ambapo hakuna hewa ya kusukuma usukani. Tarehe 6 Desemba 1963, Robert Smith alifika karibu mita 36,800. Siku nne baadaye, mkuu wa shule, Chuck Yeager, alishindwa kuidhibiti mojawapo, akaruka nje na kuungua vibaya.

Shule hiyo ilikuwa ngazi ya kwenda angani, na ngazi ina walinzi. Ed Dwight, rubani Mweusi, alisoma hapo, lakini NASA haikumchagua 1963. Dwight amesema Yeager alimwekea vikwazo, Yeager alikanusha.

Juni 1967 Robert Lawrence akachaguliwa kwa mradi wa kituo cha anga cha jeshi. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanaanga, mwenye shahada ya uzamivu katika kemia. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo alikuwa kiti cha nyuma cha F-104, akimfundisha mwenzake kutua kwa mteremko mkali, kama chombo kinachorudi kutoka angani. Ndege iligonga ardhi. Mwenzake alipona. Lawrence alifariki akiwa na miaka 32.

Mradi ulifutwa 1969, na wenzake vijana wakahamia NASA. Donald Peterson, aliyechaguliwa pamoja naye, alienda angani na Challenger 1983. Lawrence, kwa miaka mingi, hakuhesabiwa hata kama mwanaanga, ati kwa sababu hakuwahi kupita kimo cha maili 50. Jina lake lilichongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu Florida 1997, miaka 30 baada ya kifo chake.

Dwight alienda angani Mei 2024, akiwa na miaka 90. Roketi iliyompeleka ilichukua dakika chache tu kufika.