Mzizi wa Neno na Utafutaji wa Faili katika Linux

Mwalimu wa Kiswahili anayehifadhi matini zake katika kompyuta ya Linux hana budi kuchagua programu ya kuzitafutia. Tukipitia historia ya programu hizo, tunaona kwamba suala si kasi tu, bali pia sarufi.

Mwaka 1973, grep ya Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, iliingia katika mfumo wa Unix. Programu hiyo husoma faili mstari kwa mstari na kutoa kila mstari wenye herufi zilizoombwa. Tukiiomba "som", hutuletea anasoma, wasomaji na msomi. Hata hivyo, husoma faili zote upya kila mara, na haioni yaliyomo katika hati za ofisi zilizobanwa.

Ndipo zikaja programu za faharasa, ambazo huorodhesha maneno mapema ili itafutwe orodha badala ya faili. Beagle ilivuma katikati ya miaka ya 2000, kisha ikaachwa. KDE 4 ya mwaka 2008 ilileta Nepomuk, iliyolalamikiwa kwa kuielemea kompyuta. Mwaka 2014 nafasi yake ikachukuliwa na Baloo. Recoll, inayotegemea maktaba ya Xapian, ingali inatumika.

Kasi ilipatikana, lakini Kiswahili kilipunjwa. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata viishio vya maneno ya Kiingereza, ili maumbo mbalimbali ya neno yahesabiwe kuwa moja. Kanuni za namna hiyo huifaa lugha inayobadilika mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia: mtoto huwa watoto, soma huwa tulisoma au hatutasoma. Katika faharasa, hayo ni maneno tofauti. Mwanafunzi akitafuta "mtoto" bila kuonyeshwa "watoto", huenda akahitimisha kwamba mifano haipo, na utafiti wake ukapotoka.

Kwa hiyo tunapendekeza Recoll, kwani inakubali alama ya nyota mwanzoni na mwishoni mwa herufi: *som*. Utafutaji huweza kuchelewa, lakini mzizi hupatikana. Kwa faili za maandishi matupu, grep inatosha.

Kamusi zetu huingiza soma, si anasoma, kwa sababu watunzi wake waliijua lugha. Pale programu isipoijua, ni juu yetu walimu kumfundisha mwanafunzi kutafuta kwa mzizi.