Herufi U angani ni yetu

Ukishika barabara ya Malindi kutoka hapa Kiembeni, ukipita Malindi utafika Ngomeni. Huko, kwenye jukwaa la San Marco baharini, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani pekee ilirushwa Desemba 12, 1970. Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, basi ikaitwa Uhuru. Ndiyo maana ya herufi U katika jina 4U 1700-37, ati!

Uhuru ilionyesha eksirei zikienea ndani ya makundi ya galaksi. Baadaye ikathibitika ni gesi yenye joto kali mno. Uvutano wa nyota peke yake haungeizuia isitoroke. Kuna maada nyingine. Wapo waiitao "maada nyeusi". Nakataa: cheusi hufyonza mwanga, hii haifyonzi. Tuseme maada isiyoonekana.