Mnyororo, dira na mwaloni: kosa la kipimo linapogeuka mpaka

Ukitafuta shamba la kununua leo, Morogoro au Nakuru, utatajiwa bei kwa ekari. Lakini ekari ni nini hasa? Mwaka 1620 hivi Mwingereza Edmund Gunter alibuni mnyororo wa kupimia ardhi wenye futi 66, yaani mita 20 na ushee, na pingili 100. Minyororo 80 ni maili moja. Chora mstatili wenye upana wa mnyororo mmoja na urefu wa minyororo 10: hiyo ndiyo ekari.

Mnyororo huo, dira na shoka ndivyo vilivyogawa misitu ya Virginia na Carolina, makoloni ya Uingereza kusini mwa Marekani ya leo. Vifaa hivyo vilikosea sana. Swali letu ni hili: mpaka ukishakosewa, nani ana nguvu ya kuufanya ubaki?

Ardhi iligawiwaje?

Kuanzia 1618, aliyelipa nauli ya mtu kuja Virginia alipata haki ya ekari 50 kwa kila kichwa. Katika karne ya 17 wenye mashamba makubwa walidai ekari hizo hata kwa Waafrika waliowanunua kama watumwa. Mtu kaporwa kwao, kisha anahesabiwa ili aliyemnunua aongezewe ardhi.

Haki hiyo haikutaja shamba liko wapi. Mlowezi alijichagulia mwenyewe, kisha akamwita mpima ardhi. Bila shaka kila mtu alichagua bonde lenye rutuba kando ya mto na kuwaachia wengine mawe. Mashamba yakawa na maumbo ya ajabu, na hati zikasomeka kama mtu anayekuelekeza njia: anza kwenye mwaloni mweupe penye kijito, nenda kaskazini digrii 40 mashariki mpaka kwenye mti uliotiwa alama tatu za shoka, na kadhalika, hadi urudi ulikoanzia.

Sasa, mwaloni hufa. Kijito huhama. Mnyororo ukivutwa juu ya kilima hulegea, na kipimo hubadilika. Lakini mjanja kuliko wote ni sindano ya dira.

Sindano haielekei kaskazini

Sindano hufuata uga sumaku wa dunia, na kaskazini ya sumaku si kaskazini halisi. Tofauti kati ya hizo mbili hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na hata mahali pale pale hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hati iliyoandikwa leo, ikifuatwa na mjukuu wako kwa dira ile ile, itampeleka kwingine. Kosa la digrii 1 tu hukutoa nje ya mstari futi 92 hivi kwa kila maili. Tembea maili 100 na kosa hilo, utakuwa umepotoka maili moja na robo tatu.

Wapimaji walilijua jambo hili. Mwaka 1728 Virginia na Carolina Kaskazini zilipima mpaka wao, kwa sababu hati ya kifalme ya 1665 ilitaja kijito cha Weyanoke na hakuna aliyekubaliana na mwenzake ni kijito kipi. Msafara wa Virginia uliongozwa na William Byrd II. Walianzia ufukweni Currituck, wakapima kwanza tofauti ya sumaku, kisha wakaelekea magharibi. Wapimaji walipenya kinamasi kikubwa cha Dismal. Byrd na wakubwa wenzake wakakizunguka! Baadaye wawakilishi wa Carolina walirudi nyumbani, wakisema huko mbele watu wangechelewa sana kufika. Wa Virginia wakaendelea, na mstari ukafika maili 241 hivi. Haikupita miaka mingi: mwaka 1749 Joshua Fry na Peter Jefferson, baba wa rais Thomas Jefferson, walitumwa kuongeza maili 90 zaidi.

Kati ya 1779 na 1780 daktari Thomas Walker aliupeleka mstari huo magharibi zaidi. Ulitakiwa ufuate latitudo ya digrii 36 na nusu. Ukapanda kaskazini kidogo kidogo, na ulipofika mto Tennessee ulikuwa umepotoka zaidi ya maili 10. Je, ulirekebishwa? Hapana. Watu walikuwa wameshajenga, wamelima, wamelipa kodi kwa kufuata mstari ule. Mwaka 1820 majimbo ya Kentucky na Tennessee yalikubaliana: mashariki ya mto kosa libaki, magharibi ya mto itumike latitudo sahihi.

Lakini nani alikuwa anaishi pale?

Hapa ndipo hoja ya "watu wameshakaa" inapogeuka chungu. Wacherokee walikuwa kwenye nchi hiyo muda mrefu kabla ya mnyororo wa kwanza kufika. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alikataza walowezi kuvuka milima ya Appalachia. Walanguzi wa ardhi hawakujali. Mmoja wao, George Washington, aliyeanza kazi ya upimaji akiwa kijana wa miaka 17, mwaka 1767 alimwagiza rafiki yake amtafutie ardhi nzuri ng'ambo ya mstari huo, tena kimya kimya. Mpaka wa Wacherokee ukasogezwa magharibi kwa mkataba wa 1768, ukasogezwa tena kwa mkataba wa 1770, na ulipokwenda kupimwa mwaka 1771 ukasogea zaidi. Kwa walowezi, kuishi mahali kulihalalisha hata mstari mbovu. Kwa Wacherokee, kuishi mahali hakukuzuia mstari kupita.

Walowezi wadogo nao waliumia. Kentucky hati zilipandana kama vigae, shamba moja likiwa na wenyewe watatu au wanne. Daniel Boone, aliyefungua njia ya kuingia huko na kuwapimia wengine ardhi, alipoteza karibu ardhi yake yote. Thomas Lincoln, baba wa rais Abraham Lincoln, alihama Kentucky mwaka 1816, na migogoro ya hati ilikuwa sababu kubwa.

Sheria ya mwaka 1785 ilileta mfumo mwingine kwa ardhi mpya: pima kwanza, uza baadaye, kwa miraba ya maili 6 kwa 6. Mfumo huo ulipunguza kesi kati ya walowezi. Wenyeji wa asili haukuwauliza kitu.

Fungua ramani ya Marekani kwenye simu yako, ufuate mpaka wa Kentucky na Tennessee kwenda magharibi hadi mto Tennessee. Hapo mstari unashuka ghafla kama ngazi. Ngazi hiyo ni kosa la Walker, miaka zaidi ya 240 sasa.