Mwaka wa 1962 katika Historia ya Vitabu Vyetu

Historia ya watu aghalabu huhesabiwa kwa vita, kwa wafalme na kwa sikukuu za uhuru. Lakini, msomaji, ziko pia siku za kalamu, nazo hazistahili kusahauliwa. Katika insha hii nataka tuutazame mwaka mmoja tu, mwaka wa 1962, na zaidi mwezi wake wa Juni. Katika mwezi huo mambo mawili yalitokea katika Afrika ya Mashariki, moja la kukutana na moja la kuagana. Na mtu ayawekaye pamoja hufahamu jinsi kitabu kinavyompata msomaji, na jinsi kinavyoweza kumkosa.

Kumbuka kwanza hali ya nchi zetu wakati ule. Tanganyika ilikuwa imekwisha kujipatia uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Uganda ilikuwa ikiungoja wake, nao ukaja tarehe 9 Oktoba 1962. Kenya ilikuwa bado koloni, ikabaki hivyo mpaka Desemba 1963. Kila mahali watu waliosoma waliulizana swali moja: tukijitawala, watoto wetu watasoma vitabu gani, na vitaandikwa na nani?

Swali hilo ndilo lililowakusanya waandishi katika Chuo cha Makerere, Kampala, mwezi wa Juni. Kutoka Naijeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark. Waafrika ya Kusini, Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, walikuja kutoka uhamishoni, maana kwao walikuwa hawana nafasi ya kusema. Kutoka Marekani alikuja mshairi mashuhuri Langston Hughes. Kwetu Kenya walikuwako Grace Ogot, Rebecca Njau na Jonathan Kariara, pamoja na mwanafunzi mmoja wa Makerere, mzaliwa wa Limuru, aliyekuwa akiitwa James Ngugi. Mkutano wa namna hiyo ulikuwa jambo geni. Watu waliokuwa wakiandika kila mmoja pembeni mwake waliona kwa mara ya kwanza kwamba wao ni kundi, na kwamba kazi yao ina jina.

Lakini jina lenyewe lilikuwa na sharti. Mkutano uliitwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Aliyetaka kuingia alitakiwa awe ameandika kwa lugha hiyo. James Ngugi alikuwa na hadithi fupi mbili tu zilizopata kupigwa chapa, naye akaingia.

Faida aliyoipata ilikuwa kubwa. Alikuwa na mswada wa riwaya, akamwonyesha Achebe. Achebe akausoma, naye akausifu kwa wachapishaji. Sasa angalia jinsi bahati ilivyomwandalia njia kijana huyu. Mwaka huo huo wa 1962 kampuni ya Heinemann ya London ilianza kutoa mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika, vyenye jalada jepesi na bei ya chini, ili mwanafunzi na mwalimu wa Afrika waweze kuvinunua. Kitabu cha kwanza kilikuwa Things Fall Apart cha Achebe, ambacho kilikuwa kimetoka London mwaka wa 1958 kwa bei ambayo wachache wetu wangeimudu. Achebe mwenyewe akawa mhariri mkuu wa mfululizo, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi bila mshahara, na vitabu karibu mia vikapita mikononi mwake. Mswada wa mwanafunzi wa Limuru ukatoka mwaka wa 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Kutoka mezani mpaka dukani ilikuwa miaka miwili tu.

Hayo ndiyo ya kukutana. Sasa tuyatazame ya kuagana.

Mwezi ule ule wa Juni 1962 alifariki Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka wa 1909. Alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akiandika mashairi, insha na hadithi baada ya saa za kazi. Kufikia mwaka huo, vitabu vyake vilikuwa vimesomwa pwani na bara. Kusadikika, kilichotoka mwaka wa 1951, kilisimulia habari za nchi iliyo angani na kijana aitwaye Karama aliyeshtakiwa kwa sababu alitaka watu wajue sheria. Na wasomaji wengi waliifahamu nchi hiyo vizuri, ingawa iliwekwa angani. Adili na Nduguze kilifuata mwaka wa 1952, na mwaka wa 1958 ukatoka wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Hapana mwandishi wa Afrika ya Mashariki aliyekuwa na kazi nyingi na nzito kama zake. Hata hivyo, kwa sharti la jina la mkutano, hakuwa na kiti Makerere, kwa kuwa lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Ngugi mwenyewe alilikumbusha jambo hili katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind. Mimi naomba uongeze hesabu nyingine juu ya ile yake, hesabu ya miswada. Shaaban Robert aliacha kazi ambazo hazijapigwa chapa. Kufikirika, hadithi aliyokuwa ameiandika miaka mingi kabla, haikutoka mpaka 1967. Utenzi wake mrefu wa Vita vya Pili vya Dunia ulitoka mwaka huo huo wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka wa 1968. Mswada wa mwanafunzi ulingoja miaka miwili. Miswada ya bingwa ilingoja mpaka mwenyewe akazikwa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, na sehemu kubwa ya tuzo yake ikamfikia kaburini.

Usiharakishe, msomaji, kuwalaumu waliokutana Kampala. Mnaijeria na Mwafrika ya Kusini wangeongeaje, kama si kwa lugha ambayo kila mmoja wao alifundishwa shuleni? Tena Kiingereza kiliwapa sauti iliyosikika mbali, na kwa sauti hiyo walizisema dhuluma za nchi zao. Hata fedha za mkutano zilikuwa na siri ambayo wageni wengi hawakuijua. Zilitoka kwa chama kimoja cha utamaduni chenye makao Paris, na baadaye, mwaka wa 1966 na 1967, ikafichuliwa kwamba chama hicho kililishwa na shirika la ujasusi la Marekani. Karamu ilikuwa na mwenyeji asiyeonekana. Lakini waliokula walisema yao wenyewe.

Mjadala nao haukufa. Mwaka wa 1963 Mnaijeria Obi Wali aliandika katika jarida la Transition, lililokuwa likitolewa Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika iandikwayo kwa lugha za Ulaya haina pa kufika. Wengi walimjibu kwa ukali. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, kana kwamba anawaonyesha wenye shaka kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Na yule mwanafunzi wa Limuru? Mwaka wa 1977 alishiriki kutunga mchezo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, uliochezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Mchezo ukapigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Humo gerezani aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, ikatoka mwaka wa 1980. Lugha mama hakuiacha tena mpaka alipofariki mwaka wa 2025, akiitwa Ngugi wa Thiong'o.

Basi mwaka wa 1962 unatufundisha nini? Unatufundisha kwamba kitabu hakiishi kwa ubora wake peke yake. Huhitaji mtu wa kukisoma kikiwa mswada, mchapishaji wa kukitoa, na bei ambayo mwanafunzi ataiweza. Vitabu vya Kiingereza vilivipata vyote hivyo kwa wakati mmoja; vya Kiswahili vilipata kimoja kimoja, tena kwa kuchelewa. Lakini liko hitaji la nne, nalo haliko London wala Kampala. Ni wewe. Things Fall Apart kilifasiriwa kwa Kiswahili mwaka wa 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kwa hiyo wana wa Juni ile wanaweza kukaa rafu moja. Soma Achebe, na msome Shaaban Robert, wala usimwache mmoja kwa ajili ya mwingine. Na siku utakapokuwa na mswada wako, andika kwa lugha unayoimiliki, kisha umtafute mwenzio mwenye wake uusome, kama Achebe alivyousoma wa mwanafunzi yule.